Mwanamichezo wa Kifilipino Marekani: Kufika Kwenye Udaktari wa Fiziotherapia Bila Kuacha Timu

Tarehe ya kuanzia hesabu ni katikati ya Juni, baada ya mwaka wa tatu wa chuo kikuu. Huo ndio wakati ambapo PTCAS, mfumo wa mtandaoni unaopokea maombi ya shule nyingi za fiziotherapia Marekani, hufungua dirisha la mwaka. Shahada unayoiomba ni DPT, yaani udaktari wa fiziotherapia, na siku hizi hakuna shule iliyoidhinishwa Marekani inayomtoa mfiziotherapia kwa shahada ya chini ya hiyo. Miaka minne ya shahada ya kwanza, kisha mitatu ya DPT. Ukitaka kuunganisha moja kwa moja, maombi yanaondoka mwaka mzima kabla hujavaa joho. Kwa hiyo una miaka mitatu tu ya kumaliza masomo ya sharti, na katika miaka hiyo hiyo kocha naye anakudai kila alasiri. Wanaokwama wengi hawakwamishwi na akili. Wanakwamishwa na kalenda.

Tunamfikiria hapa mchezaji wa voliboli au mpira wa kikapu aliyezaliwa Marekani na wazazi wa Kifilipino, tuseme wa Daly City, Carson au Jersey City. Mtoto wa Mkenya au Mtanzania aliyekulia huko atapita njia ile ile. Mkimbiaji aliyetoka Eldoret kwa skolashipu ya riadha naye anabanwa na sheria zile zile za michezo, ila kwenye mikopo hali yake ni tofauti, na tutafika huko.

Mazungumzo ya nyumbani kwanza

Wauguzi wa Kifilipino wamekuwa wakienda Marekani tangu mpango wa kubadilishana wageni ulioanza 1948, na wakaongezeka sana baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965. Kwa hiyo kwenye familia nyingi yupo mama, shangazi au binamu mwenye sare ya hospitali, na hoja yao ni nzito: uuguzi ni miaka minne, ukimaliza unaanza kazi. Usibishane nao kwa hisia. Kaa mezani na karatasi yenye tarakimu.

Takwimu za serikali za Mei 2024 zinaonyesha mshahara wa kati wa mfiziotherapia ni dola 101,020 kwa mwaka, na wa muuguzi aliyesajiliwa ni dola 93,600. Pengo ni dogo, na muuguzi ametangulia kazini kwa miaka mitatu bila deni la shule ya juu. Wazazi wako wanalijua hilo au watalijua kesho, basi liseme wewe kwanza. Anayechagua fiziotherapia awe anaitaka kazi yenyewe: kukaa na mgonjwa mmoja dakika 30 au 45, kumwona tena wiki ijayo, kumfuata kwa miezi mpaka apande ngazi zake mwenyewe. Kama miaka saba ni mirefu mno kwa nyumba yenu, ipo kazi ya msaidizi wa fiziotherapia, PTA, inayosomewa miaka miwili na ina mtihani wake wa leseni. Ni kazi ya heshima. Lakini msiifanye daraja bila kukagua, kwa sababu kozi nyingi za PTA hazihesabiwi kama masomo ya sharti ya DPT.

Pendekezo lingine linalotoka kwa jamaa ni kwenda kusoma Manila, ambako ada ni nafuu na fiziotherapia ina mizizi. Taaluma hiyo ina sheria yake tangu 1969. Elimu ni nzuri. Ugumu unakuja wakati wa kurudi. Kule shahada ni ya kwanza, na mhitimu anayetaka leseni Marekani lazima vyeti vyake vikaguliwe na chombo kama FCCPT, somo kwa somo, kuona kama vinalingana na DPT. Panapopungua, unarudi darasani kuziba, kwa gharama zako, na kila jimbo lina masharti yake. Aliyezaliwa Marekani na anayetaka kufanya kazi Marekani kwa kawaida hapati nafuu yoyote kwa mzunguko huo.

Masomo ya sharti, na pale yanapokataliwa

Kila shule ina orodha yake, lakini kiini hakibadiliki sana: anatomia na fiziolojia ya binadamu, sehemu ya I na II pamoja na maabara, kemia ya jumla I na II na maabara, fizikia I na II na maabara, biolojia, mara nyingi kozi mbili, saikolojia ya utangulizi pamoja na nyingine moja, kama ya ukuaji, na takwimu. Alama ya chini inayokubalika kwa kawaida ni C, na mara nyingi C- haipiti. Shule nyingi pia huweka ukomo wa umri wa kozi, miaka 5 hadi 10.

Fungua tovuti za shule sita au saba unazozitaka, chora jedwali, shule upande mmoja na masomo upande mwingine, jaza kila chumba. Kazi hiyo ni ya mwaka wa kwanza, wala isisubiri wa tatu. Ndipo utagundua mambo haya mapema:

Fiziolojia ya mazoezi haichukui nafasi ya fiziolojia ya binadamu. Kozi ya anatomia ya wanyama wenye uti wa mgongo inaweza kukataliwa, hata kama uliichukua kwenye idara ya biolojia na ukapata A. Fizikia ya muhula mmoja, ile inayowekwa kwenye shahada nyingi za sayansi ya michezo, haitoshi pale panapodaiwa mbili. Na shule nyingine hazipendi maabara za mtandaoni. Uliza kwa barua pepe na uhifadhi jibu.

Aina ya shahada ya kwanza si sharti. Unaweza kusoma historia na bado ukaingia DPT. Ila kwa mwanamichezo wa Divisheni ya I, ngazi ya juu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, uchaguzi wa shahada una mtego ambao wengi hawauoni. Ukianza mwaka wa tatu lazima uwe umekamilisha asilimia 40 ya shahada yako, wa nne 60, wa tano 80. Kwa shahada ya krediti 120 hizo ni 48, 72 na 96. Ukishatangaza shahada, krediti zinazohesabiwa ni zile zinazoingia kwenye shahada hiyo tu. Sasa fikiria aliyechukua fizikia mbili, krediti 8, nje ya mpango wake: amezitolea jasho, DPT inazitaka, lakini kwenye hesabu ya NCAA ni sifuri, na huenda akakosa kucheza kwa sababu yake. Dawa ni kuchagua shahada yenye masomo hayo ndani, kwa mfano biolojia au sayansi ya mazoezi yenye mkondo wa maandalizi ya fiziotherapia, au kuhakikisha mshauri wa masomo ameyaandika rasmi kama masomo ya hiari ndani ya krediti 120.

Kupanga maabara na mazoezi

Sheria za Divisheni ya I zinampa kocha saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, zisizozidi 4 kwa siku, na siku moja ya mapumziko. Nje ya msimu ni saa 8. Lakini saa za safari na za kutibiwa hazimo kwenye 20, na siku ya mechi huhesabiwa saa 3 tu hata ikikumeza kutwa. Kwa hiyo hesabu yako binafsi iwe kubwa kuliko ya karatasi.

Maabara za sayansi hupenda kuanzia saa saba au nane mchana, wakati ule ule wa mazoezi. Vyuo vingi huwaruhusu wanamichezo kujiandikisha kozi mapema kuliko wenzao. Itumie nafasi hiyo kunyakua maabara za asubuhi siku ya kwanza dirisha linapofunguka, maana ni chache na zinajaa haraka.

Kwa mchezaji wa voliboli ya wanawake, ambaye msimu wake ni Agosti hadi Desemba, mpangilio huu hufanya kazi:

Mwaka wa kwanza, muhula wa Agosti: saikolojia, takwimu na masomo ya jumla, bila maabara. Muhula wa Januari: biolojia I na kemia I. Likizo ya Juni hadi Agosti: kemia II.
Mwaka wa pili, muhula wa Agosti: saikolojia ya ukuaji na maabara moja tu, biolojia II. Muhula wa Januari: anatomia na fiziolojia I. Likizo: fizikia I kisha fizikia II, vipindi viwili vya wiki tano au sita.
Mwaka wa tatu, muhula wa Agosti: anatomia na fiziolojia II, iwe maabara pekee. Muhula wa Januari ubaki wa kupandisha GPA, yaani wastani wa alama, na kukamilisha saa za kushuhudia kazi.

Anatomia na fiziolojia tumeziacha kwenye mihula mirefu kwa makusudi. Fizikia inavumilia kubanwa kwenye wiki sita kwa sababu kazi yake kubwa ni kukokotoa. Anatomia ni kukariri kisha kuelewa, na utaikuta tena wiki ya kwanza ya DPT mbele ya maiti ya mafunzo. Aliyeilamba juujuu kiangazi hulipa wakati huo. Mchezaji wa softiboli, besiboli au riadha ya uwanjani ageuze jedwali hili kichwa chini: maabara nzito ziende muhula wa Agosti.

Kuna kosa la kuacha somo katikati ya msimu. Ili uruhusiwe kucheza, na hata kufanya mazoezi na timu, lazima uwe na krediti 12 muhula huo. Mwenye 15 akiacha kemia ya krediti 4 anabaki na 11, na siku hiyo hiyo yuko nje ya uwanja. Kabla ya kuacha somo lolote pita kwa mshauri wa wanamichezo, si kwa rafiki.

Kurudia somo nako kuna siri yake. Chuo chako kinaweza kufuta C ya kemia ukirudia na kupata A. PTCAS haifuti. Inahesabu zote mbili: krediti 4 za C ni pointi 8, krediti 4 za A ni 16, jumla 24 kwa krediti 8, yaani 3.0. Ndiyo maana GPA ya PTCAS hushtua watu: ni ndogo kuliko ile iliyoko kwenye nakala ya chuo. Ihesabu mwenyewe mwisho wa kila muhula, ya jumla na ya masomo ya sharti peke yake.

Kama Juni imefika na sayansi hazijatimia, usitume maombi mabovu. Mchezaji aliyebakiwa na msimu mmoja baada ya kuhitimu ana nafasi nzuri kuliko anavyodhani: skolashipu ya mwaka huo wa ziada inaweza kumlipia fizikia na anatomia wakati bado anacheza. Asichoweza ni kucheza huku akisoma DPT. Ratiba ya DPT ni ya kutwa, siku tano, na haina nafasi ya safari za mechi.

Saa za kushuhudia kazi

Shule nyingine hazidai saa hata moja, nyingine hudai 40, 100 au zaidi. Lenga 100, zigawanywe angalau sehemu mbili: kliniki ya wagonjwa wa nje, na wodini au kwenye nyumba ya uuguzi ya wazee. Wanamichezo karibu wote hukimbilia kliniki ya michezo, wakajaza saa 100 za magoti na mabega. Anayesoma maombi yako anataka kuona kama unajua kwamba sehemu kubwa ya taaluma hii ni bibi wa miaka 80 anayejifunza kuinuka kitini baada ya kubadilishwa nyonga.

Saa zinazokubalika ni za kumtazama mfiziotherapia mwenye leseni akiwa kazini. Saa ulizokaa na mtabibu wa timu, yule anayewafunga vifundo pembeni mwa uwanja, hazihesabiwi, hata kama anafanya kazi nzuri kupindukia; leseni yake ni nyingine. Saa zako wewe mwenyewe ukitibiwa goti hazihesabiwi. Saa za tabibu wa uti wa mgongo hazihesabiwi. Ila kama timu yenu ina mfiziotherapia wa kweli, muulize.

Hapa ndipo jamaa wa hospitali wanapokuwa hazina. Tita wako muuguzi, kama Wafilipino wanavyomwita shangazi, hawezi kukuingiza wodini kwa mlango wa nyuma, lakini anajua jina la mkuu wa idara ya fiziotherapia na siku nzuri ya kumwandikia. Utaratibu wenyewe hupitia ofisi ya watu wa kujitolea: kipimo cha kifua kikuu, ushahidi wa chanjo, mafunzo ya siri za wagonjwa, kitambulisho. Huchukua wiki kadhaa, basi anza Aprili kwa saa za Juni. Na jamaa asikuandikie barua ya mapendekezo wala kukusainia saa.

Nenda na viatu vilivyofungwa, suruali ya kitambaa, daftari dogo. Simu ibaki begini. Andika tarehe, saa, aina ya kituo, jina la mfiziotherapia na namba yake ya leseni, na jambo moja ulilolielewa siku hiyo, bila jina la mgonjwa. Omba uthibitisho wa saa siku ya mwisho. Wafiziotherapia huhama kazi, na kumtafuta mtu miaka miwili baadaye kwa barua pepe iliyokufa ni mateso yasiyo ya lazima.

Kitagalog au Kiilokano chako kina thamani kubwa kwenye nyumba za wazee za California na Hawaii. Mzee wa Kifilipino akiulizwa «Masakit po ba?», yaani kama anaumwa, uso hubadilika, lile neno «po» ni heshima inayochomekwa ndani ya sentensi yenyewe, na anayejua uzito wa shikamoo hahitaji kufafanuliwa zaidi. Salimia, tuliza, ongea. Lakini usitafsiri maelekezo ya tiba. Hospitali ina wakalimani waliothibitishwa kwa kazi hiyo, na neno moja lililokosewa kuhusu mguu gani ukanyagiwe linaweza kumvunja mtu.

Maombi yenyewe

Tuma Julai au mapema Agosti. Shule nyingi hujaza nafasi kadiri maombi yanavyofika, na mchezaji wa voliboli akichelewa hadi Septemba atakuwa anaandika insha ndani ya basi la timu. Agiza nakala rasmi za matokeo kutoka kila chuo ulichowahi kusoma. Kila chuo. Ile kozi moja ya chuo cha jamii uliyoichukua ukiwa sekondari, au kemia ya kiangazi, ikisahauliwa faili zima linasimama.

PTCAS inapokea barua hadi nne. Shule nyingi hutaka ya mfiziotherapia na ya mwalimu wa sayansi. Kocha ni wa tatu, na anafaa sana, mradi aandike kuhusu unavyopokea masahihisho na unavyoishi na wenzako. Barua ya mabao na vikombe haisaidii kitu.

Insha ni herufi 4,500, nafasi zikiwemo. Usiandike kwamba ukano wa mbele wa goti ulikatika, ukatibiwa, ukaipenda taaluma. Inaweza kuwa kweli tupu, lakini wasomaji wameikuta mara nyingi mno, na inaeleza ulivyokuwa mgonjwa tu. Lipe goti sentensi mbili, kisha hamia kwenye kitu ulichokishuhudia: mfiziotherapia aliyebadili zoezi zima baada ya kugundua kwamba mgonjwa anaogopa kuanguka kuliko anavyoumwa. Kama ulikulia nyumba moja na lola, bibi yako, ukamsaidia kutembea kutoka kitandani hadi mezani, hilo ni lako na lina uzito. Andika mikono yako ilishika wapi.

GRE, mtihani wa kuingilia masomo ya shahada za juu, imeachwa na shule nyingi, lakini kagua kila moja. Mahojiano huanguka popote kati ya Septemba na Machi. Mpe kocha tarehe mara tu unapozipata.

Fedha

Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imebadilisha hesabu. Kuanzia Julai 1, 2026, mkopo wa serikali uitwao Grad PLUS, uliokuwa ukijaza pengo lote la ada, umefungwa kwa wakopaji wapya. Mwanafunzi wa shahada za juu ana kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Wale wa shahada zinazotambuliwa kuwa za kitaaluma wana 50,000 na 200,000. Orodha ya kanuni ambayo sheria hiyo inaielekea inataja udaktari wa tiba, sheria, meno, famasia na nyingine, lakini haiitaji fiziotherapia. Panga bajeti yako kwa kikomo kidogo, na uiulize ofisi ya misaada ya fedha ya kila shule kwa maandishi ni kikomo kipi wanakitumia.

Kwa mkazi wa California, shule za umma zenye DPT za mfumo wa CSU, yaani vyuo vikuu vya jimbo hilo, kama vile Fresno, Long Beach, Northridge, Sacramento na San Diego, zistahili kuwa juu ya orodha. Mwenye viza ya mwanafunzi, kama yule mkimbiaji wetu, hapati mkopo wa serikali kabisa. Yeye aanze kutafuta ufadhili na nafasi za kazi za chuo mwaka mzima kabla. Na kama familia inategemea utume fedha kwa jamaa Ufilipino, sema mapema kwamba miaka hiyo mitatu hutaweza. Kimya kinaumiza kuliko ukweli.

Baada ya kuingia

Mafunzo ya kliniki ni wiki zisizopungua 30 za kutwa, mara nyingi mbali na chuo na bila malipo, basi weka akiba ya kodi na usafiri. Kisha mtihani wa taifa, NPTE: tangu Januari 2024 ni maswali 225 kwa saa 5, ambapo 180 ndiyo yanayohesabiwa. Kufaulu ni 600 kwenye kipimo cha 200 hadi 800. Hufanywa mara nne kwa mwaka, unaruhusiwa mara 3 ndani ya miezi 12, na 6 maisha yako yote. California inaongeza mtihani wa sheria za jimbo.

Anayetaka kurudi kwenye michezo akiwa upande wa pili wa meza ya tiba, cheti ni SCS, ubingwa wa fiziotherapia ya michezo. Njia ni mbili: saa 2,000 za kuhudumia wagonjwa wa eneo hilo, au mwaka wa mafunzo ya ubingwa kwenye kituo kilichoidhinishwa, na kwa njia yoyote uwe na mafunzo ya huduma ya dharura uwanjani. Nafasi za ubingwa ni chache, na maombi yake hufungwa wakati bado uko kliniki mwaka wa mwisho, kwa hiyo tarehe hizo ziandike kwenye kalenda mwanzoni mwa mwaka wa pili wa DPT.